Tangi la Nne

Mama wa matangi huingia kazini kabla yetu sote, na salamu yake ya kwanza si yetu. "Mmeamkaje, wanangu?" huuliza, akipita kati ya matangi sita ya kioo yaliyojaa maji ya kijani. Wanawe ni mwani wa maji baridi, mdogo hata jicho halioni mmoja mmoja. Hufuta kioo, kisha hukigonga kwa ukucha na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Vidole vyake vina wekundu usiotoka kwa sabuni.

Wekundu huo ndio tunaouza, rangi ya kutia kwenye vyakula. Shida ni kwamba mwani ulioshiba hautoi rangi. Lazima unyimwe mbolea na kumulikwa taa kali siku kadhaa, mpaka uchoke, ugeuke mwekundu. Siku hizo mama wa matangi haongei na mtu. Mara ya mwisho matangi matano yaliiva kama nyanya, la nne likabaki kijani, limenawiri. Meneja akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Nani kalitilia mbolea hili?" Tukatazamana. Mama wa matangi hakuacha kufuta kioo. "Mimi. Kijiko kimoja tu. Lilikuwa linaniangalia." Tangu hapo ufunguo wa kabati la mbolea uko mfukoni mwa meneja. Jana nilimkuta mama wa matangi peke yake kwenye tangi la nne, akiligonga taratibu kwa ukucha. "Vumilia kidogo, mwanangu," alikuwa akiliambia.