Karani Adalbert na Maua ya Œillet

Mwaka 1951 hakukuwa na mtu katika cité Albert, mtaa wa Waafrika kule Katanga, aliyeitamani ile kadi kama Adalbert Numbi, karani wa ghala la mizigo. Ilikuwa kadi ya kuthibitisha kwamba Mwafrika mwenye nayo amestaarabika. Na kwa kuwa ustaarabu hauonekani usoni, Wazungu wa tume iliyoitoa walikuwa wanakuja nyumbani kwa mtu kuutafuta. Walifungua kabati, walihesabu uma, walichungulia choo. Adalbert alikuwa na uma sita ambazo hazijawahi kugusa bukari, yaani ugali, na choo chake kilinuka dawa. Ilibaki bustani, maana Donat, karani mwenzake aliyekwishapata kadi, alimnong'oneza kwamba Wazungu hupenda kuona maua mbele ya nyumba.

Mbele ya nyumba ya Adalbert palikuwa na lengalenga ya mkewe Clotilde, mboga iliyolisha watoto wanne. Aliing'oa yote Jumapili moja baada ya misa.

“Baba Victorine, sasa tutakula bukari na nini?” Clotilde akauliza.

“Na samaki ya mukebe. Hapa njo pa œillets, ile maua Bazungu banavaa ku koti siku ya ndoa.”

Mbegu zilitoka Ulaya katika pakiti yenye picha, na nyuma imeandikwa: panda mwezi wa tano. Mwezi wa tano Katanga mvua imeshakwenda zake, baridi inaingia, na hata mwendawazimu hapandi kitu. Clotilde alimwambia hivyo. Lakini Adalbert hakusoma miaka saba kwa mapadri ili aje abishane na karatasi iliyochapishwa.

“Baliandika mois de mai,” akasema. “Tutapanda mois de mai.”

Alichekecha udongo kwa chekecheo la unga la mkewe, akajaza kasha la sabuni, akanyunyiza mbegu, nyeusi kama za kitunguu, akazifunika kidogo tu. Zikachomoza siku ya kumi na mbili. Miche ilipopata majani manne akaihamishia chini, akipima nafasi kwa rula ya ofisini. Kisha ikawa ndoo nne asubuhi, ndoo nne jioni, kiangazi kizima, mwanamume mwenye tai akipanga foleni bombani na akina mama. Walimcheka hadi wakachoka. Baridi ya Juni ilipokaza aliifunika miche kwa blanketi la watoto, na watoto wakalala wamejikunyata. Kwa hilo la blanketi hastahili kusamehewa.

Mwanzoni mwa Septemba maua yakachanua, mekundu na meupe, kingo zake kama zimekatwa kwa mkasi. Clotilde aliyatazama muda mrefu.

“Iko muzuri,” akakiri kwa uchungu.

Tume ilikuja Alhamisi: mabwana wawili na bibi wa mmoja wao. Uma hawakuzigusa. Bibi aliinama penye maua, akauliza ni nani aliyeyaotesha katika ukame huu, kwa kuwa ya kwake mwenyewe yamekufa mara mbili. Adalbert akaeleza kwa Kifaransa safi habari za udongo, nafasi na maji. Bwana mmoja aliandika nusu ukurasa mzima, na karani akajawa na furaha.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Alianza kumsomea Clotilde kwa sauti kubwa, kisha sauti ikapungua. Ombi la kadi litaangaliwa tena mwaka ujao. Ila kwa kuwa tume imeona kipaji chake, anaombwa kila Jumamosi afike kwa bibi amtunzie bustani. Apite mlango wa nyuma.

“Utaenda?”

“Mwaka yenye kuya, ni bale bale Bazungu njo batarudia kuangaria ombi,” akasema, bila kumtazama.

Jumamosi alikwenda na viatu vilivyong'arishwa. Bibi alimpokea kwa upole mwingi, akampa aproni na jembe. Halafu akamwita Léonard, jina la boyi wa bustani aliyeacha kazi, na Adalbert akaitika.