Maziwa ya Ng'ombe Aliyekwisha Rudi

Wewe unayelipa kodi kila mwezi huku ukitamani kuta zako mwenyewe, sogeza kiti unisikilize. Usijali kama hesabu zinakutisha. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na bado jambo hili nililielewa polepole.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba vitatu Nyahanga, mjini Kahama. Siku moja mwenye nyumba akatwambia anaiuza milioni thelathini. Alitupa mwezi mmoja: tununue au tuhame. Mama mkwe, mfugaji wa Tinde, alisema atauza ng'ombe wanane tupate milioni sita za kuanzia. Milioni ishirini na nne zilizobaki tungekopa benki kwa miaka kumi, nyumba yenyewe ikiwa rehani. Tukishindwa kulipa, nyumba inakwenda, na ng'ombe wa mama wamekwenda nayo.

Benki ya kwanza ilitaka riba ya asilimia moja nukta mbili kwa mwezi, bila ada yoyote. Ya pili ilitaka asilimia kumi na saba kwa mwaka, na juu yake ada za tathmini, bima na usajili, zaidi kidogo ya milioni moja. Mume wangu, aliyechimba dhahabu Geita kabla ya kufungua duka la vipuri vya pikipiki, akacheka.

"Mama watoto, mwalimu mzima unahangaika na moja na kumi na saba?"

"Hiyo moja ni ya mwezi, baba watoto. Zidisha mara kumi na mbili."

Akabonyeza simu. "Kumi na nne na pointi. Bado ndogo!"

Ilikuwa ndogo kweli. Lakini karatasi zilisema tofauti: benki ya riba ndogo ilitaka rejesho la laki nne na elfu themanini na nane kwa mwezi, na ile ya riba kubwa laki nne na elfu kumi na saba. Nilirudi benki zote mbili kuuliza. Ya kwanza ilikuwa inapiga riba kwenye mkopo wote wa mwanzo, mpaka mwezi wa mwisho. Ya pili ilipiga kwenye deni lililobaki tu.

Mume wangu hakuona ubaya. "Kwenye duara, shimoni kwetu kule Geita, mfadhili akisema asilimia thelathini, ni ya viroba vyote vya mawe ya dhahabu, cha kwanza mpaka cha mwisho. Asilimia haizeeki."

Jumamosi mama mkwe akafika na mfuko wa karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnunuzi ananisubiri mnadani. Kabla sijawatoa ng'ombe wangu, nielezeni wanakwenda wapi."

Nikachukua karanga zake kumi, nikazipanga mezani mbele ya mwanawe.

"Mama, tuseme umemkabidhi huyu ng'ombe kumi awalishe. Kila jioni akuletee kibuyu cha maziwa kwa kila ng'ombe. Sasa amekurudishia watano." Nikasukuma karanga tano upande wake. "Leo jioni unamdai vibuyu vingapi?"

"Vitano."

"Benki moja itadai vitano. Nyingine itadai kumi."

Akamgeukia mwanawe. "Ng'ombe yuko zizini kwangu, namkamua mwenyewe, halafu maziwa yake nakudai wewe? Na wewe ulitaka kusaini?"

"Mama, kwenye duara..."

"Kwenye duara ulirudi na ng'ombe wangapi?"

Mume wangu akavuta daftari langu, akatoa rejesho dogo kwenye kubwa, akazidisha kwa miezi mia na ishirini, akaondoa ada. Kisha akarudia yote upya, kalamu ikikandamiza karatasi. Ilibaki milioni saba na zaidi.

"Ng'ombe tisa na mguu," mama mkwe akasema, maana bei ya mnadani aliijua. "Kumbe mlitaka kuwapa benki kundi kubwa kuliko hili ninalouza." Akatafuna karanga moja kati ya zile za mezani, akasimama kwenda kwa mnunuzi.

Kabla mwezi haujaisha tulisaini benki ya pili. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi, mume wangu alimkaribisha ndani kama mgeni, akamwekea soda, akamwambia malipo ya nyumba yameshaingia kwenye akaunti yake. Mama mkwe alikuja na jogoo, akamwachia uani, akasema hapo ni kwake sasa, awike anavyotaka.

Siku hizi wachimbaji wa zamani wakipita dukani kuulizia mikopo, mume wangu huwapangia nati kumi mezani na kuanza na vibuyu. Anaeleza vizuri kuliko mimi, na kwa sauti kubwa zaidi.

Nawe fanya hivi. Nenda benki mbili, taja kiasi kilekile na miaka ileile, omba kila moja jedwali la marejesho ya miezi yote pamoja na orodha ya ada. Rudi nayo nyumbani, jumlisha kila kitu, linganisha jumla mbili, ndipo usaini.