Si Mkimbizi, Ni Mwanangu

Siku fomu ilipojazwa tulikuwa watu watano sebuleni kwangu, Temeke. Wa kwanza mie, mwenye nyumba. Wa pili mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyetoka Kongo; ombi la hifadhi lilikuwa lake. Wa tatu bintiye, yuko darasa la tano, aliingia kwangu akiwa mgongoni. Wa nne binti yangu wa pili, aliyeolewa na mchonga vinyago wa Mwenge. Yeye ana mwandiko mzuri kuliko sote. Wa tano msaidizi wa sheria, kijana wa watu anayejitolea kwa wenye shida kama hizi. Huyo hatuna damu naye, ila mama yake na mie tulichezaga ngoma moja usichanani, kwa hiyo ananiita mama mkubwa na mie naitika.

Majina yao yote ninayo, na ya wazazi wao, na ya waliowapa majina hayo. Mie sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini jina likiniingia halitoki. Siyaandiki hapa kwa kuwa ombi halijaisha, na kuna watu humu nimekwisha kuwaaibisha mara moja. Inatosha.

Niseme kwanza uongo ulianzaje.

Miaka minane iliyopita aliletwa kwangu na mwanamke tuliyejuana naye sokoni Tandika. Mtoto mgongoni, mfuko mmoja mkononi. Nikamwambia chumba kipo. Sikumuuliza alikotoka, maana nilikuwa nakuona usoni mwake. Kesho yake mjumbe wa mtaa akapita. Mjumbe wetu ni fundi cherehani, mtu wa haki, lakini hapitwi na jambo.

"Bibi, naona umepata mgeni. Katokea wapi?"

"Kigoma," nikasema. "Mtoto wa marehemu mdogo wangu."

"Ulikuwa na mdogo Kigoma?"

"Aliolewa huko."

Sie watu wa Mbwamaji, huku pwani. Kigoma naisikia redioni. Mdogo wa kike sikuwahi kupata. Mama yangu alizaa mie na wanaume watatu, akafunga. Lakini neno lilishatoka, na likawa na raha yake. Yule mwanamke akaanza kuniita Mama, kama mtu anavyomwita dada wa mama yake, na mtaa mzima ukamjua kuwa ni damu yangu.

Basi nikamfundisha. Alikuwa akisema sombe, nikamwambia huku ni kisamvu. Alikuwa akisema lengalenga, nikamwambia sema mchicha. Akisema "mutoto" namkatiza: "Mtoto! Mtoto! Unataka watu wakujue?" Mwaka wa pili ulikuwa husikii tena. Anabishana na wauza dagaa kama kazaliwa Mtoni hapa Temeke.

Siku moja kwenye bomba la maji jirani yangu, mke wa muuza mkaa, akapiga kelele: "Jamani, yule mkimbizi wa bibi kaacha ndoo kwenye foleni na yeye hayupo!"

Nikaweka ndoo yangu chini. "Mkimbizi mama yako! Huyu damu yangu. Rudia tena nikuonyeshe kilichomtoa kanga manyoya."

Watu walicheka, yule mama akaomba radhi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Kwangu neno mkimbizi lilikuwa tusi, kama kumwambia mtu hana kwao. Sikujua kuwa lilikuwa jina la haki yake.

Na kuna moja kubwa zaidi. Tulipomsomea khitma marehemu mume wangu, tuliombwa kila mtu ataje wafu wake waombewe. Nikataja wazazi wangu, kaka zangu, kisha kwa kuwa majirani walikuwa wananitazama nikataja na jina la yule mdogo wa Kigoma. Nililitunga papo hapo. Likasomwa. Yule mwanamke alikuwa kakaa kwenye mkeka mbele yangu, mwanaye mapajani, akaitikia amina kwa mama asiyekuwepo.

Tukakaa hivyo mpaka mwaka huu. Mtu mmoja wa mtaa wa pili, naye wa huko huko Kongo, alikutwa hana karatasi, akarudishwa. Hatukusikia tena habari zake. Hapo ndipo mpangaji wangu akaja kunikalia jikoni.

"Mama, nataka nikaombe hifadhi kwa haki. Nikirudishwa mimi nimekwisha. Na huyu mtoto hakujui kule."

Ndiyo yule msaidizi wa sheria akaitwa, tukakaa sebuleni, binti yangu akashika kalamu. Mswada kwanza, fomu yenyewe baadaye, ili isichafuke.

"Jina la mama mzazi," akauliza msaidizi.

Mpangaji wangu akalitaja. Miaka minane katika nyumba yangu, na mie mwenye sifa ya kushika majina, ndiyo siku ya kwanza nalisikia.

"Yuko wapi?"

"Alibaki. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kukimbia. Akaniambia nimbebe mtoto, yeye nimwache. Nilipofika mtoni nikageuka, nyumba ilikuwa inawaka."

Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu vikombe. Binti yangu aliacha kuandika. Mie niliangalia mkeka. Ulikuwa ule ule wa khitma, na sikuweza kuinua macho.

Kabla ya kuondoka msaidizi alinigeukia. "Mama mkubwa, wewe ndiye mwenyeji wake, watakuuliza. Useme kweli tupu. Na kule ukisikia mkimbizi usikasirike. Si tusi kule. Ndicho anachokwenda kuomba aitwe."

"Nimekuelewa mwanangu. Mie si mtoto."

Wiki iliyofuata tukaenda, asubuhi, mie na yeye na binti yangu. Nilivaa buibui jipya. Aliyetupokea ofisini alikuwa mwanamke mwenye umri wa mjukuu wangu, mpole, akanipa shikamoo na kiti chenye mto. Mlangoni kulikuwa na askari amesimama. Yule askari hakufanya lolote, lakini nilimwona.

Afisa akaanza na mwenye ombi. Alimuuliza mtaa wao, shule yao, soko lao. Akajibu vizuri. Kisha akauliza kama mtu anayepiga soga: "Majani ya muhogo yakitwangwa, mnayaitaje kwenu?"

"Kisamvu," akajibu mpangaji wangu.

Afisa akaandika kitu. Nilijua kisamvu hicho nimekipika mie. Alitishika, akasema alichofundishwa kusema kila anapotishika.

Kisha afisa akafungua faili, akatoa barua ya serikali ya mtaa, ile tuliyoandikisha zamani ili mtoto apate shule. Binti yangu aliiweka humo kwa nia njema, kuonyesha wanaishi wapi. Ilikuwa imeandikwa: mama wa mtoto amezaliwa Kigoma, ni mtoto wa mdogo wa mwenye nyumba.

"Bibi, ni kweli haya?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema hapana. Neno moja. Nikamtazama yule askari, nikamtazama afisa.

"Ndiyo. Mtoto wa mdogo wangu."

"Kwa hiyo si mkimbizi?"

"Hasha! Mkimbizi tena? Huyu mwanangu."

Afisa akaweka kalamu chini taratibu. "Bibi, mtu wa Kigoma haombi hifadhi Tanzania. Yuko kwao." Akamgeukia mpangaji wangu: "Mama, siwezi kupokea ombi lenye maelezo mawili. Nakupa wiki mbili. Ukileta yanayolingana nitalisoma. Usipoleta nalifunga."

Tulipotoka nje mpangaji wangu alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Hakupaza sauti.

"Mama, kwa nini?"

"Nimekutetea."

"Umenitetea kwa nani?"

Binti yangu naye akaniangalia: "Lakini mama nawe! Uliambiwa!" Nikamjibu kwa ukali kuwa adabu za kwetu haziruhusu kumwita mtu mkimbizi mbele yake, kwamba mdomo umezoea. Jibu hilo nililishika siku tatu nzima. Kila aliyeniuliza nilimpa.

Si kweli. Niliogopa. Niliona askari nikajiona mie, mwanamke mzima wa miaka sabini na kitu, naulizwa kwa nini nimeficha mtu miaka minane na kumdanganya mjumbe. Nikaona mtaa mzima unanisikia. Kati ya mtu kurudishwa alikochomewa mama yake na mie kuonekana mwongo, nilichagua mie nisionekane mwongo. Adabu niliivaa baadaye, kama mtu anayejifunika kanga akisikia hodi.

Siku ya nne nikaenda kwa mjumbe. Alikuwa anashona sare za shule, mkewe anakata matundu ya vifungo.

"Nimekuja kukwambia jambo. Sina mdogo Kigoma. Sikuwahi kuwa naye."

Akasimamisha cherehani. "Unasemaje?"

"Mpangaji wangu katoka Kongo. Nilikudanganya."

"Bibi! Wewe wa kunidanganya mie? Mie niliyesimama kwenye khitma nikamwombea dua huyo mdogo wako, tena kwa jina!"

"Jina nililitunga."

Mkewe akaangusha mkasi, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. "Kumbe tulimlilia mtu hayupo! Na mie nilileta kitumbua!"

Mjumbe hakucheka. "Barua ile ina sahihi yangu. Umenifanya shahidi wa uongo, bibi. Mie nilikuamini kuliko mama yangu."

Nilipiga magoti pale kwenye vipande vya vitambaa. Aliniinua haraka, akasema nisimtie dhambi, lakini uso haukukunjuka. Alinipeleka mwenyewe ofisi ya mtaa, nikarudia maneno yale yale mbele ya mwenyekiti na watu waliokuwa wamekuja na shida zao. Mmoja wao alikuwa mke wa muuza mkaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole mkubwa, "Pole, bibi." Afadhali angenitukana.

Barua mpya ikaandikwa. Kisha msaidizi wa sheria akatayarisha kiapo changu, tukaenda nacho kwa wakili. Msaidizi alinisomea kipengele kwa kipengele, na kimoja alinisomea mara mbili: "Kwamba mimi sina udugu wowote na mwombaji."

"Lazima liwemo?" nikauliza.

"Lazima, mama mkubwa. Hilo ndilo lenyewe."

Nikaandika jina langu kwa herufi zangu za darasa la nne, ikabidi nipumzike katikati.

Mara ya pili ofisini afisa alimwambia mpangaji wangu, "Leo ongea nami kama ulivyokuwa unaongea nyumbani kwenu. Usichague maneno." Mpangaji wangu akaanza, na mie nikawa nashika nusu tu. Ilikuwa sauti nyingine, inapanda na kushuka pasipo nilipomzoeza. Alipofika kwa mama yake alisema, "Mama aliniambiyaka, beba mutoto, miye uniache." Mutoto. Lile neno nililomkatiza mara mia.

Afisa akauliza, "Na huyu bibi ni nani kwako?"

Hakunitazama. "Mwenye nyumba wangu."

"Mna udugu?"

"Hatuna."

Alisema sawa kabisa, kama ilivyotakiwa. Afisa akanigeukia mie. "Na wewe bibi, huyu ni nani?"

"Mpangaji wangu," nikasema. "Ni mkimbizi. Alikimbia vita. Nilimficha kwa ujinga, na juzi hapa nilisema uongo kwa woga."

Afisa akaandika yote. Hakunikemea, na askari hakuja. Ombi likagongwa muhuri, likapokelewa, akapewa karatasi ya kuonyesha kuwa linashughulikiwa, na mtoto ameandikwa humo humo chini ya mama yake.

Jibu bado. Likitoka zuri, tumeambiwa huenda wakapangiwa kambini, huko huko upande wa Kigoma. Kwa sasa yuko chumba cha uani. Tunapikiana, tunajuliana hali, mtoto bado anakuja kulala kwenye kochi langu akimaliza kazi za shule. Ila haniiti Mama tena. Ananiita Bibi, kama wapangaji wengine. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini. Akasema, "Tusije tukachanganya maelezo, Bibi." Akaendelea kuanika nguo.

Tulikubaliana tumsomee dua mama yake, kwa jina lake la kweli. Yeye ndiye aliyeomba tusiite watu.

Nimeandika nilivyokumbuka. Waliokuwepo karibu wote wako hai na wengi wananisalimu kila siku: binti yangu, msaidizi wa sheria, mjumbe na mkewe, mama wa mkaa. Kama nimekosea siku, au nimempa mtu maneno ya mwenzake, waje waniambie, hata mbele ya watu, nitasahihisha. Na mpangaji wangu akitaka nifute lolote nitafuta. Lakini nilichomjibu yule afisa mara ya kwanza msinipunguzie. Nilikisema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, na kichwa juu.