Gari Lililoacha Kugonga

Gari la baba lilikuwa linagonga. Watu wa Mbozi wa enzi zile za Mwingereza wanalikumbuka, maana magari ya Waafrika yalikuwa machache na la kwetu ulilisikia kabla hujaliona: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Baba alilinunua limeshachoka, kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao. Siku za kazi alipakia kahawa na maharage, Jumapili alitupakia sisi kwenda kanisani. Likipanda kutoka mtoni mlio ulizidi, na sisi nyumbani tulijua anakuja.

Mlio ule ndio uliomlinda mama. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa amelala mgonjwa kwenye nyumba iliyo nyuma ya mibuni yetu, hana wa kumpa uji. Baba alimkataza mama kukanyaga kule, kwa sababu mama alishakimbilia huko akiwa na alama za mkanda mgongoni. "Nikikukuta kwake," alimwambia, "nitawazika pamoja." Basi baba akienda Tunduma, mama alibeba uji, mimi nabeba maji, tunakwenda. Alimlisha bibi huku ameinamisha kichwa, anasikiliza. Akisikia ko, ko, anaacha kijiko ndani ya bakuli na tunarudi mbio. Baba anazima injini, mama yuko jikoni anapuliza moto.

Sasa niwataje walioharibu. Wa kwanza ni mjomba, kaka yake mama, tumbo moja. Alijifunza ufundi kwenye shamba la mlowezi, na alipenda kusifiwa kuliko kula.

"Shemeji, gari lako linapiga kelele kama tarumbeta la kanisani," alimwambia baba. "Watu wanakucheka."

"Nani anacheka?"

"Mimi nimeshaanza."

Mama alimpelekea viazi na chai, akasema naye kwa sauti ya chini. "Kaka, liache hivyo hivyo. Likigonga najua anakuja."

"Unataka nivunje jina langu ili wewe upate kutoroka?"

"Natoroka kwenda kwa mama. Ni mama yako pia."

"Mke akitulia nyumbani hapigwi," alisema mjomba, na akamenya kiazi kingine.

Akawasha injini. Akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini kwenye sikio, akafumba macho kama anasali. Kisha akachomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Alipochomoa wa tatu, mlio ule ukafifia. "Amepatikana," alisema. Akalala chini ya gari, akamwaga oili, akafungua. Beringi ya mkono wa pistoni ya tatu ilikuwa imelika hadi ikabaki kama ganda la yai.

"Mpya iko Mbeya, labda," alisema. "Kwa sasa nipe ngozi ngumu."

Baba akavua mkanda wake. Ule ule. Mjomba akakata kipande, akakilowesha oili, akakizungusha mahali pa beringi na kukaza nati. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia kwa Kinyiha, "Angalau huo umepata kazi nyingine." Tulicheka, mimi na yeye. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

Gari likawaka, likatulia kama paka. Mjomba alipewa jogoo.

Safari iliyofuata ya Tunduma, baba alirudi na mzee wa kanisa, jirani yetu. Huyo ndiye wa pili. Mimi na mama tulikuwa kwa bibi, mama anamfuta mdomo. Hatukusikia chochote. Tulipotoka kwenye mibuni na bakuli mkononi, gari limesimama uani, na baba anatungoja.

Alishika kiuno, mkanda hakuna. Akainama mbele ya gari akachomoa hendeli, kile chuma cha kuwashia.

Alimpiga upande wa kichwa. Mara ya kwanza mama alibaki wima, bakuli bado analo. Mzee wa kanisa alikuwa ndani ya gari, mlango wazi, kofia magotini. Nilimkimbilia nikamshika mguu. Akaniambia, "Mwanangu, hayo ni ya baba na mama." Alibaki kitini mpaka baba alipochoka. Jumapili yake aliongoza maombi, na gari letu akaliombea pia.

Bibi alikufa kabla mama hajaweza kusimama. Mjomba alikuja msibani. Alimwona mama, uso wote umevimba, damu imekauka sikioni. Akamwinamia, nikadhani anampa pole. Kumbe anamuuliza baba, aliyesimama nyuma yake, "Shemeji, gari halijaanza tena kugonga?"

"Bado."

"Mimi huwa sifanyi kazi ya kubahatisha."

Ngozi haidumu ndani ya moto. Msimu wa kahawa ulipokwisha iliungua, na alasiri moja mlio ukarudi, ko, ko, kutoka mtoni. Mama alikuwa amekaa kando ya kaburi la bibi anang'oa magugu. Hata hapo palikuwa pamekatazwa. Gari lilipanda mlima, likagonga, likagonga, na mama akaendelea kung'oa.

Nikamshika bega. Akageuka, akautazama mdomo wangu, ndipo akaelewa.