Pole kwa Mtu wa Kanada

Juzi hapa Kyela mjini, simu ya fundi wangu wa cherehani ilikuwa ikipiga podikasti ya mauaji: dada mmoja wa Kanada, kauawa na mumewe. Sisi wateja tulitulia tuli, tukisubiri kusikia mwili ulikutwa wapi. Akaingia mama mmoja wa kijijini Matema. Aliposikia "marehemu", akafunga kitenge kiunoni, akaketi sakafuni.

"Poleni, wanangu. Nani amefiwa?"

Fundi akacheka. "Hatujafiwa, mama. Ni podikasti tu. Mtu mwenyewe wa Kanada."

"Kwani huyo wa Kanada hana mama?" akauliza, bila kuinuka.

Fundi akazima simu. Vifo hivi dunia nzima inavisikiliza, hata mimi nikipiga pasi. Ila pole, niliisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo.