Shogi la Watoto Wawili

Ilikuwa miaka ya hamsini, mpunga wetu umeanza kuzaa na ndege wamepata habari kabla yetu. Ilinibidi nishinde shambani nikiamia ndege, mwendo mrefu kutoka Garsen. Miguu ya binti yangu haikuwahi kumbeba, na mgongo wangu ulikuwa umeshashindwa naye. Nikimfungia nyumbani, analia. Nikibaki naye, ndege wanakula chakula chetu cha mwaka. Majirani walinipa pole asubuhi, wakanipa pole jioni, hata nikalichukia neno lenyewe.

Mama mmoja Muorma alikuwa akiniletea maziwa, nami nikimpa mchele. Siku hiyo alimkuta mwanangu barazani. Hakusema pole.

"Dada, huyu anakula?"

"Ananishinda mimi."

"Mzuri. Kesho mimi nakuja na wangu."

Kesho yake punda wake alifika na shogi, ile mikoba miwili inayoning'inia ubavuni. Mkoba mmoja ulikuwa na mvulana wa rika la binti yangu, shingo inayumba, amefungwa vizuri kwa nguo, anacheka. Wa pili ulijaa mchanga, maana shogi lisipolingana huanguka. Mama yule aliumwaga mchanga mlangoni pangu, akampakia binti yangu.

"Siku zote mimi nabeba mchanga," alisema. "Mchanga haongei na mtoto."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Kumbe huko malishoni alikuwapo mwenzangu, na nilikuwa nanunua maziwa kwake!

Shambani niliwaketisha kivulini. Binti yangu alivuta kamba ya madebe, mvulana akapiga kelele ambazo hakuna ndege aliyezistahimili. Shida ikawa moja tu: binti yangu alinenepa kwa maziwa, shogi likaanza kulalia upande wake.

"Basi tumpunguzie maziwa," nikasema.

"Thubutu! Wangu mpe wali."

Nikawa nampikia sufuria yake.

Baada ya mavuno alibisha hodi mama nisiyemjua, mtoto mkubwa asiyetembea mgongoni, kikapu cha mchanga kichwani. Alikuwa amesikia habari za punda wetu. Ametoka nao Ozi mchanga huo, utadhani Garsen hatuna! Nilimtua kikapu, nikakimwaga palepale mlangoni.

"Sasa upande wa pili utawekwa nini?" aliuliza kwa hofu.

"Kaa unywe maziwa kwanza," nikamwambia. "Kuna mama wa Kipini, naye yuko njiani na wake."