Zenon na Milango Isiyojua Msumari

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Sumbawanga bado inang'ata vidole, lakini Zenon Sikazwe ameshavua koti. Amepiga magoti uani, mtaa wa Izia, kando ya Peugeot 404 kuukuu. Milango mitatu ameshaimaliza. Wa nne, wa dereva, anaubandua ubao wa ndani, nao unamkatikia mkononi, umelowa kama mkate kwenye chai.

"Ona," anasema, akichokoa chini ya mlango kwa bisibisi. "Aliyenitangulia aliziba vitundu hivi kwa lami, eti vumbi lisiingie. Mvua zikaja, maji yakakosa pa kutokea."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakuwa na gari.

Mwenye gari ni Mama Getruda, muuguzi mstaafu, aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Tangu biashara iachiwe huru, magari ya mtumba ya Japani yamejaa mjini, na 404 imekuwa kichekesho. Mchana huu anakuja mnunuzi anayetaka injini tu, aifungie mashine ya kusaga. Mama amesema milango ikipona, hauzi.

Zenon, miaka 46, alianza kwa kushona matandiko ya baiskeli kwao Mwazye. Mlango mmoja humpa shilingi elfu tatu, na kuna wiki hapati hata mmoja. Hata hivyo msumari hagusi. Vibanio vya kushikia ubao anavikunja mwenyewe kwa spoku za baiskeli, na ngozi ya bandia ya kufunika ubao mpya anaipiga mishono kumi na minane ya wima, kama ya kiwandani.

"Wenzangu wananicheka. 'Piga msumari, mshikaji, ukale!' Msumari unashika leo, kesho unakupasulia ubao."

Saa saba mnunuzi anabisha hodi. Mama Getruda anamkaribisha, kisha anaufungua mlango wa dereva na kuufunga. Hakuna kinacholia. Anapitisha kiganja juu ya mishono, machozi yanamlenga.

"Marehemu mume wangu angeshinda humu ndani," anasema. Anamgeukia mgeni. "Utanisamehe, kaka. Haliuzwi."

Zenon anajivuna waziwazi, na ana haki. Sasa anataka banda la bati kabla ya mvua, na kibao mbele yake: Hapa Hatupigi Misumari.

"Na viti, mama?"

"Vingoje, fundi. Kwanza nijifunze kuendesha."

"Basi tuanze na cha dereva," anasema Zenon, na futi ameshaikunjua.